Juu ya neno «unafiki» na ndugu zake

Katika mahubiri yetu liko neno moja linalobebeshwa kazi ya maneno kumi, ndilo «unafiki». Mkristu akisali kwa sauti kubwa ili aonekane, tunamwita mnafiki. Akiuza dawa ya bandia sokoni Butembo, mnafiki. Akipeleka maneno ya jirani kwa mkubwa, mnafiki vile vile. Mhubiri anapumzika, maana hana haja tena ya kutafuta. Lakini anayemsikiliza anashika nini?

Neno lenyewe limetoka kwa Waarabu. Katika dini ya Kiislamu lilikuwa jina la watu wa Madina waliokiri imani kwa mdomo, na moyoni hawakuamini. Injili ya Kigiriki ina neno lingine, hypokrites, jina la mchezaji wa jukwaani: anavaa sura isiyo yake na kusema maneno ya mtu mwingine mbele ya watazamaji. Katika sura ya 6 ya Mateo, Yezu anawaonya wanafunzi wasiwe kama hao katika sadaka, katika sala na katika kufunga. Ni mambo matatu, na yote matatu ni mema. Ubaya unaingia pale mtu anapotafuta watazamaji.

Lakini kwetu Beni na Butembo neno hili limehama. Mwulize mama wa kijijini mnafiki ni nani. Hatasema ni yule anayejionyesha. Atasema ni yule anayechukua maneno hapa na kuyapeleka kule, anayekula nawe kisha anakuuza. Kwa vita ya miaka hii maana hiyo imezidi kuwa nzito, sababu mpeleka maneno anaweza kuleta kifo kijijini. Basi katekista akisema kwamba Mafarisayo walikuwa wanafiki, nusu ya kanisa wanawaza juu ya wasaliti, na kila mmoja anamtazama jirani. Fundisho limempata Yuda, sisi halikutupata.

Mimi ningependa tuseme «kujionyesha» na «kujifanya», maneno ambayo hata mtoto wa katikisimu anayajua. Tena kujifanya nako kuna mipaka yake. Mtakatifu Tomaso, katika swali la 111 la Secunda Secundae, anauliza kama kila kujifanya ni dhambi, na anajiwekea kizuizi kikubwa: katika sura ya 24 ya Luka, karibu na Emau, Yezu alifanya kama anataka kwenda mbele zaidi. Nani atathubutu kusema kwamba Bwana alifanya unafiki? Tomaso anajibu pamoja na Agostino: kujifanya kusikokuwa na maana yo yote ni uongo, bali kule kunakoonyesha maana fulani ni mfano wa ukweli. Mnafiki ni namna moja tu ya mtu wa kujifanya, ndiyo kusema mkosefu anayejivika sura ya mwenye haki.

Hayo si mambo ya darasani tu. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne mbele ya kura, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi, hawatapiga kura siku moja na inchi nzima. Kwetu ilitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Watu wengi waliita sababu hizo «kisingizio», maana makanisa na masoko yalikuwa wazi. Tarehe 30 watu wa Beni wakapanga mistari, wakanawa mikono juu ya Ebola, wakapiga kura yao wenyewe, wakaihesabu. Nimesikia hata wasomi wakiita jambo hilo «uchaguzi wa bandia».

Naona wamekosea. Bandia ni mtoto wa kuchezea. Tangu hapo likawa jina la kitu kilichofananishwa na cha kweli, na sokoni ni kile kinachotengenezwa kusudi mnunuzi adanganyike. Pale Beni nani alidanganywa? Kila aliyesimama katika mstari alijua kwamba kura yake haitafika Kinshasa. Ilikuwa kura ya mfano, na mfano huo ulisema jambo la kweli: tuko hapa, nasi ni raia. Tarehe 31 Machi 2019 walipewa kura ya sheria, ya wabunge tu. Rais alikuwa amekwisha apishwa tangu 24 Januari. Msomaji apime mwenyewe.

Neno lililotuumiza kuliko yote ni lile la barabarani, «bongo», ndiyo kusema uongo. Tangu 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020 tulisikia kila siku: Ebola ni bongo. Ndani ya maneno hayo matatu mlikuwa na mashitaka mawili. La kwanza: ugonjwa haupo. La pili: wanaokuja na magari juu ya ugonjwa huu hawana moyo safi, wanatafuta feza. Juu ya la pili watu wenye akili wanaweza kubishana, na pengine walikuwa na haki ya kuuliza. La kwanza lilikuwa kosa, na watu zaidi ya 2,200 walikufa. Anayetuhumu moyo wa mganga hajathibitisha bado kwamba homa ni ya kutungwa! Laiti sisi wahubiri tungalitenga mashitaka hayo mapema, kwa maneno mawili mbalimbali.

Kila mwaka, Jumatano ya Majivu, ile sura ya 6 ya Mateo inasomwa katika parokia zote. Katekista ajaribu mara moja kuieleza pasipo kutamka «mnafiki» hata kidogo. Aseme: mtu anayefunga na kutafuta nani anamwona. Kisha anyamaze kidogo, atazame kama watu wanageuza bado macho kwa jirani.