Jina liko kwenye jiwe, mwili haupo

Anayesaka mababu wa Kiskoti waliohamia Kanada huanzia kwenye sensa na makaburi. Shida ni kwamba ukoo wa Alice Munro uliondoka bandari ya Leith mwaka 1818, na sensa ya kwanza ya Uskoti kuandika majina ya watu nchi nzima ilikuja 1841. Hata hiyo, umri wa watu wazima mara nyingi ulishushwa hadi tano au kumi ya karibu. Yanabaki mawe.

Hapo ndipo The View from Castle Rock (2006) kinanikamata. Munro anatupeleka makaburini Ontario, penye jina la mtoto James, aliyefariki ndani ya mwezi mmoja baada ya kushuka Quebec. Jina lipo, lakini mwili hauwezi kuwa hapo: familia ilikuwa haijafika.

Ninachomlaumu ni kimoja. Kule melini anawatilia marehemu maneno mdomoni, na msomaji hajui shajara ya Walter inaishia wapi. Kwenye dibaji anakubali kwamba ametunga, sawa. Ila anayemtafuta babu wa babu yake humu atapotea. Kisome upate uchungu wa safari. Tarehe katafute kwenye rejista.