Jinsi MacPorts Inavyozibeba Mac Kuukuu

Ukijaribu kujenga programu ya leo kwenye Mac yenye mfumo wa mwaka 2011, mara nyingi utakwama mwishoni kabisa. Kompaila inapita faili zote bila kulalamika, halafu hatua ya kuunganisha inagoma: haioni kitu kinachoitwa clock_gettime. Mwandishi wa programu hakukosea. Fanksheni hiyo, ambayo kazi yake ni kuiuliza mashine saa, iko kwenye Linux tangu zamani, na waandishi wengi huitumia bila kuifikiria. Apple waliiweka kwenye mfumo wao mwaka 2016, kuanzia macOS 10.12. Mac iliyobaki nyuma ya hapo haina.

Dawa ya haraka ni kuufungua msimbo, kuweka sharti kwamba mfumo ukiwa wa zamani itumike njia nyingine, kisha kujenga upya. Kwa programu moja inatosha. Lakini MacPorts, mradi ulioanza mwaka 2002 kwa jina la DarwinPorts, unahudumia programu huria kwa maelfu, zote zikiwa zimeandikwa na watu wengine. Ukitia kiraka kwenye kila moja, basi kila toleo jipya likitoka mistari inahama, kiraka hakishiki tena, na mtu wa kujitolea anakesha akikishona upya. Ukiwapelekea waandishi wenyewe, wengi watakirudisha, na wana haki. Hawana mashine hiyo, hawawezi kukijaribu, na msimbo usiojaribiwa huoza polepole mpaka siku unapomwangusha mtu.

Kwetu, ambako kompyuta nyingi huingia kwa mlango wa mtumba na kubaki na mfumo wa mwisho ambao mtengenezaji aliuruhusu, hili si jambo la wapenda vitu vya kale tu. Ndiyo maana naona suluhisho la MacPorts linastahili kutazamwa kwa karibu. Waliacha kuzihangaikia programu na wakauhangaikia mfumo ulio chini yake. Waliandika maktaba moja, legacy-support, ambayo kazi yake ni kuufanya mfumo wa zamani uonekane mpya machoni pa programu.

Inavyofanya ni hivi. Programu inaomba faili la time.h, kama kawaida. Folda ya maktaba imetangulizwa mbele ya ile ya Apple, kwa hiyo linalopatikana kwanza ni time.h la MacPorts. Faili hilo linatumia amri ya include_next kuliita time.h halisi, likiacha kila kitu cha Apple mahali pake, kisha linaongeza tangazo la fanksheni inayokosekana. Kwenye mfumo ambao tayari unayo, haliongezi kitu. Mwili wa fanksheni umo ndani ya maktaba, na hatua ya kuunganisha inaukuta huko.

Mwili wenyewe si mrefu. Saa ya ukutani inachukuliwa kutoka gettimeofday, ambayo imekuwepo siku zote. Saa ya kupimia muda, ile isiyorudi nyuma hata mtu akibadilisha tarehe, inatoka kwenye kihesabio cha kernel kiitwacho mach_absolute_time. Hapa pana mtego. Kihesabio hicho hakihesabu nanosekunde, kinahesabu midundo, na mashine yenyewe ndiyo inayokueleza uwiano wa kuzidishia. Kwenye Mac za Intel uwiano ni 1 kwa 1. Anayejaribu kwenye Intel peke yake anaweza kusahau kuzidisha na asione dosari yoyote, ila siku msimbo ukifika kwenye Mac za zamani zaidi zenye kichakataji cha PowerPC, sekunde si sekunde tena. Hakuna ujanja wa kulikwepa hilo. Lazima awepo mtu mwenye PowerPC inayowaka, aendeshe jaribio na kuripoti alichokiona.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ya openat na ndugu zake. Fanksheni hizi zinafungua faili kwa kuanzia kwenye folda iliyokwisha kufunguliwa, na Apple walizileta na 10.10 mwaka 2014. Kwenye mifumo ya nyuma, maktaba inaikumbuka folda iliyopo, inahamia folda inayotakiwa, inafungua faili, kisha inarudi ilikotoka. Tatizo ni kwamba kuhama folda kwa kawaida kunaihamisha programu nzima. Uzi mwingine wa kazi ukifungua faili nukta hiyohiyo, utafungua la folda isiyo yake. Kwa hiyo maktaba hutumia wito wa kernel ambao Apple hawakuutangaza sana, unaouhamisha uzi mmoja tu na kuziacha nyuzi nyingine za programu palepale. Aliyeuona wito huo na kufikiria kuutumia hapa aliujua mfumo mpaka mfupani.

Fanksheni isiyokuwepo, hata hivyo, ina uungwana wake: programu haijengeki, nawe unajua papo hapo. Mbaya zaidi ni ile iliyopo lakini ina tabia tofauti. Fanksheni ya realpath ilikuwepo miaka mingi, lakini kabla ya 10.6 ulilazimika kuipa nafasi ya kuandikia jibu. Programu za leo huipa NULL na kutarajia iitafute nafasi yenyewe. Kwenye 10.5 programu inajengeka vizuri kabisa, kisha inashindwa mikononi mwa mtumiaji, na ujumbe wa kosa hausemi lolote kuhusu realpath. Maktaba imeifunika hiyo pia. Viraka vilivyotawanyika visingeliona tatizo la namna hii, kwa sababu kila mwenye programu angedhani dosari ni yake.

Kwa mtu anayetunza programu moja ndani ya MacPorts, kazi yote hiyo imefupishwa kuwa mistari miwili. Kwenye faili la maelekezo anaandika PortGroup legacysupport 1.1, na chini yake legacysupport.newest_darwin_requires_legacy 15. Namba 15 ni toleo la 15 la Darwin, kiini cha mfumo wa Apple, yaani macOS 10.11, toleo la mwisho lisilo na clock_gettime. Mac zote mpya zaidi ya hapo haziguswi. Naona hapa ndipo ushirikiano ulipopatikana. Mwenye Mac mpya hana sababu ya kuukataa mstari usiomfikia, na mwenye Mac ya zamani haombi tena ruhusa kwa kila programu.

Maktaba hii haitatui kila kitu. Kompaila ni ngazi, na ngazi hupandwa kwa kukanyaga kila kipago. GCC 4.2 ya Apple haielewi C++ ya mwaka 2011. Tangu toleo la 3.5 la mwaka 2014, mradi wa kompaila wa LLVM wenyewe unahitaji angalau C++ hiyo ili ujengwe. Kwa hiyo kompaila ya zamani inajenga iliyo mpya kidogo, hiyo inajenga inayofuata, na kwenye kichakataji cha PowerPC kupanda huko kunakula siku nzima na zaidi.

Halafu kuna lugha ya Rust, yenye kompaila yake. Mwaka 2017 maktaba ya kuchora picha za SVG, librsvg, ilitoa toleo la 2.41, la kwanza lenye sehemu zilizoandikwa upya kwa lugha hiyo. Mwaka 2021 maktaba ya cryptography ya Python ikafuata. Mwishoni mwa 2023, Rust 1.74 ikapandisha sharti lake la mfumo hadi macOS 10.12. Na kwenye PowerPC, hakuna time.h la kutanguliza mbele ya kompaila ambayo haipo. Njia iliyobaki huko ni kushika mfululizo wa 2.40 wa librsvg, wa mwisho usio na Rust. Picha zinachorwa na dirisha linafunguka, lakini kila tundu la usalama linalozibwa kwenye msimbo wa Rust linabaki kazi ya mtu fulani huku chini, ambaye itabidi alisome, aone kama na 2.40 inalo, na aliandikie kiraka kwa C.