Uhakiki wa Amri za Kufuatilia Michakato ya Muda Mfupi katika Linux

Uhakiki huu unachunguza amri tatu za Linux, yaani top, execsnoop na lastcomm, katika kufuatilia michakato inayoanza na kumalizika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hoja ya msingi ni kwamba kila amri ina upofu wake, na msimamizi wa mfumo asiyeujua huweza kuituhumu programu isiyo na kosa.

Amri ya top husoma saraka ya /proc kwa vipindi. Kipindi kikiwa sekunde 3, mchakato unaoishi milisekunde 50 una takriban nafasi 1 kati ya 60 ya kuonekana. Hivyo, skripti inayoita grep maelfu ya mara huweza kuielemea prosesa huku grep yenyewe ikijitokeza kwa nadra katika orodha. Methali husema asiyekuwepo na lake halipo. Hapa, hata hivyo, lake hubaki. Muda uliotumiwa na michakato iliyokwisha kutoweka huhesabiwa katika /proc/stat, ndiyo maana muhtasari wa juu wa top huonesha mashine iliyolemewa ilhali jumla ya michakato iliyoorodheshwa chini yake haifikii kiwango hicho. Pengo hilo ndilo dalili. Kosa ni kulipuuza na kuulaumu mchakato ulioongoza orodha.

Execsnoop, iliyoasisiwa na Brendan Gregg, haisubiri kipindi. Hunasa mwito wa execve unapotokea, ikaonesha mchakato mzazi na vigezo vya amri. Ubora wake ni kumtaja aliyeanzisha shughuli. Hata hivyo, mchakato uliozaliwa kwa fork pekee, bila kupakia programu mpya, huipita. Tena amri hii huhitaji mamlaka ya root, na haijui yaliyotokea kabla ya kuwashwa.

Lastcomm husoma kumbukumbu zinazoandikwa na kiini cha mfumo mchakato unapomalizika, ukiwamo ule wa fork pekee, mradi uhasibu wa michakato uliwashwa mapema. Kasoro yake ni kutohifadhi vigezo vya amri na kutouonesha mchakato ambao bado unaendelea.

Kwa hiyo, ukimya wa amri moja hauthibitishi kwamba hakuna kilichotendeka. Top itumike kugundua pengo, execsnoop kumtambua mzazi, na lastcomm kurejelea yaliyopita. Hukumu inayotolewa kabla ya hatua hizo ni dhana tu.