Wanaosoma Vinyama Bugando

Mgonjwa wa tezi dume aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe hadi Hospitali ya Rufaa ya Bugando humkumbuka daktari aliyemchoma sindano ya kuchukua kinyama. Watu wa maabara ya patholojia hakutani nao kamwe. Nao ndio wanaopokea vinyama hivyo, vyembamba kama njiti, vikiwa ndani ya formalini inayowasha macho. Huviondoa maji kwa spiriti, huvizamisha katika nta, kisha huvikata kwa mashine vipande vya unene wa maikroni 3 au 4 hivi. Kipande kikijikunja, wanarudia. Halafu rangi, halafu hadubini.

Kazi huwa ngumu zaidi inapotokea saratani adimu ya tezi dume, ile ya seli ndogo. Kipimo cha damu cha PSA chaweza kuwa chini ilhali ugonjwa umeshafika kwenye ini. Kuzima homoni pekee hakutoshi. Mgonjwa huhitaji kemotherapia, mara nyingi sisplatini au kaboplatini pamoja na etoposidi, tena upesi. Aina ya saratani ikikosewa, miezi ya mtu hupotea. Ndiyo maana nawaheshimu watu hao wa maabara wanaporudisha slaidi ileile chini ya lenzi mara ya pili, huku wodini wanadai majibu.