Bei Moja Mezani

Mradi wa reli ukishukiwa kupasua bajeti, wakaguzi huanzia kwenye mkataba: ziliandikwa shilingi ngapi, zikalipwa ngapi, tofauti ikaenda wapi. Ukikipeleka kipimo hicho kwenye SGR, reli mpya ya Kenya ya Mombasa hadi Nairobi, kinarudi mikono mitupu. Ujenzi ulianza mwishoni mwa 2014, na tarehe 31 Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta akaizindua treni yake ya abiria, Madaraka Express, miezi kadhaa kabla ya ratiba. Gharama iliyotajwa tangu mwanzo wa ujenzi, shilingi bilioni 327, ndiyo iliyoendelea kutajwa. Kwa daftari la msimamizi wa ujenzi, huu ni mradi wa kupigiwa mfano. Anayetafuta palipovimba itabidi arudi nyuma ya saini.

Mwaka 2009 Wizara ya Uchukuzi ilikubaliana na kampuni ya China Road and Bridge Corporation, CRBC, ifanye upembuzi yakinifu bila malipo. Upembuzi ukasema reli mpya inafaa. Mwaka 2012 kampuni hiyo hiyo ikapewa kandarasi mbili bila zabuni ya ushindani: ya kujenga njia kwa dola bilioni 2.66, na ya kuleta vichwa vya treni, mabehewa na mitambo kwa dola bilioni 1.15. Mei 2014 Benki ya Exim ya China ikatoa mikopo ya karibu dola bilioni 3.2. Treni zilipoanza kutembea, aliyeziendesha alikuwa Afristar, kampuni tanzu ya CRBC. Fundi aliyekuja kukukagulia paa bure hawezi kukwambia paa bado zima.

Na kulikuwa na aliyesema paa bado lafaa. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilitoa uchambuzi ulioonyesha kwamba kwa mizigo ya ukanda huu, kukarabati reli ya zamani yenye upana wa mita moja kungetosha, tena kwa gharama ndogo zaidi. Unaweza kuubishia uchambuzi huo. Benki hiyo nayo ina mapenzi yake. Ila ulihitaji kujibiwa kwa hesabu ya mtu asiyengojea kandarasi.

Hapa wakosoaji wengi hukimbilia kugawanya bei kwa kilomita. Dola bilioni 3.8 kwa kilomita 472 ni kama dola milioni 8 kila kilomita, kwa njia moja ya dizeli. Kisha wanaitaja Ethiopia, iliyopata reli ya umeme kwa bei ya chini kwa kilomita, na mjadala unafungwa. Mimi hoja hiyo hainishibishi. Bei ya Kenya ina vichwa na mabehewa ndani yake, njia inapanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,500, na Tsavo ilidai madaraja ya kupitisha tembo. Huenda milioni 8 ni wizi, huenda ni halali. Tatizo ni kwamba haijulikani, kwa sababu mezani hapakuwa na bei ya pili ya kuipima ya kwanza.

Mwanaharakati Okiya Omtatah na Chama cha Mawakili walilipeleka suala hilo kortini. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema Shirika la Reli lilikiuka sheria ya ununuzi; Juni 2023 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Kwa hiyo kisheria limekwisha. Kiuchumi bado, maana uhalali wa kutoshindanisha hauishushi bei hata senti.

Kisha kuna mzigo. Njia ilisanifiwa kubeba tani milioni 22 kwa mwaka. Mwaka 2022 ilibeba kama milioni 6. Deni lilitegemea mzigo huo, kwa hiyo bandari ya Mombasa ikafungwa kwa mkataba wa kuihakikishia reli kiasi fulani cha shehena na kufidia kinachopungua. Makadirio yalipokataa kutimia, Agosti 2019 ikaja amri: kontena za bara zote zipande treni hadi bandari kavu ya Embakasi, Nairobi. Mombasa ikaandamana, na si wenye malori peke yao. Mawakala wa forodha, mabohari ya kontena, gereji, mama lishe wa Mariakani na Mtito Andei, wote walikuwa wakiliwa na hesabu ambayo hawakuipiga. Septemba 2022 Rais William Ruto akamrudishia mwenye mzigo uhuru wa kuchagua.

Zabuni nayo si dawa ya kila ugonjwa. Tanzania ilishindanisha kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, ikapata bei ya dola bilioni 1.2 na ahadi ya miezi 30 kuanzia 2017. Abiria wa kwanza alikata tiketi Juni 2024.

Kenya, kwa upande wake, iliendelea na mtindo ule ule: kilomita 120 nyingine hadi Naivasha, kama shilingi bilioni 150, mjenzi akiwa kampuni mama ya CRBC. Zilifunguliwa Oktoba 2019. Mkopo wa kufika Kisumu na Malaba haukupatikana, reli ikaishia karibu na Suswa, mbali na mpaka wa Uganda iliyokusudiwa kuihudumia. Ili kontena ya Kampala isikwame hapo, Shirika la Reli lilijenga kiungo kifupi hadi Longonot, kisha likaanza kuikarabati njia ya kutoka huko hadi Malaba. Njia hiyo ni reli ya zamani, ya mita moja.