Mipaka ya Maana ya "Nailoni": Uhakiki wa Fasili ya Kitambaa

Majina ya vitambaa katika leksikografia ya Kiswahili huelekea kufasiliwa kwa kiolezo kimoja: kidahizo hutajwa kuwa aina ya kitambaa, kisha huongezwa sifa kama ulaini, wepesi au rangi. Kiolezo hicho kinatosha kwa melimeli, bafta na kaniki, ambazo ni nguo za pamba na hazina kazi nyingine katika lugha. Kinapotumiwa kufasili nailoni kuwa kitambaa laini cha nyuzi zisizo za asili, huacha nje sehemu kubwa ya matumizi ya neno. Makala haya yanahoji kwamba nailoni katika Kiswahili si jina la kitambaa kwanza, bali ni jina la mali ghafi, na kwamba maana ya kitambaa ni tawi lake moja tu.

Historia ya kitu chenyewe inaunga mkono hoja hiyo. Nailoni iligunduliwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani, chini ya uongozi wa Wallace Carothers, ikatangazwa kwa umma mwaka 1938. Bidhaa yake ya kwanza sokoni haikuwa nguo, bali nywele za mswaki. Soksi ndefu za wanawake zilifuata mwaka 1940. Kiswahili kilipolipokea neno hili kililipa umbo linalotarajiwa: irabu /i/ iliongezwa mwishoni ili kuifungua silabi, kama katika galoni na katoni, mkazo ukahamia silabi ya pili kutoka mwisho, na nomino ikaingia katika ngeli ya I-/ZI-. Umbo hilo halina utata. Utata umo katika maana.

Ushahidi wa kwanza ni wa kisarufi. Neno hili hutokea zaidi baada ya a-unganifu: shati la nailoni, kamba ya nailoni, wavu wa nailoni, mfuko wa nailoni. Katika miundo hiyo nomino kuu hutaja kitu, na nailoni hutaja kile kilichokitengeneza, kama chuma katika mlango wa chuma. Iwapo nailoni ingekuwa kitambaa tu, kamba ya nailoni ingepaswa kueleweka kuwa kamba iliyosokotwa kwa vipande vya nguo, maana ambayo hakuna mzungumzaji anayeikusudia. Aidha, neno hili linapohesabika, kama katika "lete nailoni mbili", msikilizaji hafikirii vitambaa viwili. Hufikiria mifuko au karatasi za plastiki.

Ushahidi wa pili unatokana na majina ya mifuko. Nchini Tanzania, gunia lililofumwa kwa nyuzi bapa za polipropilini huitwa mfuko wa sandarusi, ilhali mfuko mwepesi wa polithini, usio na uzi wala mfumo, huitwa mfuko wa nailoni au rambo. Hapa matumizi yanakwenda kinyume kabisa na fasili ya kitambaa: kilichofumwa hakiitwi nailoni, na kisichofumwa ndicho kinachoitwa hivyo. Mfuko mbadala ulioenea baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019, ambao mara nyingi nao ni wa polipropilini, una sura na mguso wa nguo. Lakini hauhesabiwi kuwa nailoni. Kigezo cha wazungumzaji, basi, si ufumaji wala kemia. Ni utelezi, wepesi na kutofyonza maji.

Kigezo hicho kinaeleza pia lugha ya wavuvi. Nailoni halisi ina msongamano wa takriban gramu 1.14 kwa sentimita moja ya ujazo, hivyo huzama majini. Polipropilini, yenye takriban gramu 0.91, huelea. Hata hivyo, kamba zote mbili huweza kuitwa za nailoni, kwa kuwa zote haziozi upesi kama kamba za usumba au katani. Jina limefuata tabia ya kitu mkononi mwa mtumiaji. Jambo hili si geni katika lugha: marekani ilikuwa nguo ya pamba kutoka viwanda vya nchi hiyo katika karne ya 19, kisha jina likabaki kwa nguo ya aina hiyo hata iliposhonwa kwa pamba ya kwingine. Sandarusi nayo ilikuwa utomvu wa mti kabla ya kuwa gunia.

Huenda ikadaiwa kwamba kuuita mfuko wa polithini nailoni ni kosa ambalo kamusi haipaswi kulihalalisha. Dai hili lina uzito katika uandishi wa sheria na sayansi, na ndiyo sababu neno plastiki linafaa zaidi katika kanuni na matangazo ya serikali. Lakini kurekodi si kuhalalisha. Msomaji anayekutana na "karatasi za nailoni" katika habari kuhusu katazo la Kenya la Agosti 28, 2017, akifungua kamusi na kukuta kitambaa pekee, atadhani nguo ndiyo iliyokatazwa. Mfasiri naye atakosa mwongozo wa kuchagua kisawe. Alama ya mtindo ingemwonya mwandishi wa sheria bila kumnyima msomaji maana.

Kutokana na hoja hizi, kitomeo kinachofaa kingekuwa na maana tatu:

nailoni nm [i-/zi-] 1 plastiki ya jamii ya poliamidi inayovutwa kuwa nyuzi imara za kutengenezea nguo, nyavu, kamba na miswaki. 2 kitambaa chepesi chenye kuteleza kilichofumwa kwa nyuzi hizo au zinazofanana nazo. 3 (mazungumzo) karatasi nyepesi ya plastiki, au mfuko wa karatasi hiyo: funika unga kwa ~.

Mpangilio huu unaanza na mali ghafi kwa sababu maana ya pili na ya tatu zinachipuka humo, kila moja kwa njia yake. Kuanza na kitambaa hukata uhusiano huo, na kuifanya maana ya tatu, ambayo ndiyo iliyo hai sokoni na majumbani, ionekane haina asili.