"Hali ya Hewa" na "Tabianchi" Darasani

Nchini Tanzania, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza husoma Jiografia kwa Kiingereza, lakini mara nyingi mwalimu humfafanulia kwa Kiswahili. Hapo ndipo tuonapo kasoro: "hali ya hewa" hubebeshwa dhana mbili. Mvua ikinyesha Dodoma leo, hiyo ni hali ya hewa. Kwamba Dodoma ni nusu kame, jambo lijulikanalo kwa wastani wa vipimo vya miaka 30, hiyo ni tabianchi. Asiyetenganishiwa haya atadhani masika haba ya mwaka mmoja yamekwisha kuibadili nchi. "Tabianchi" nalo lina dosari yake (bahari je, haina tabia?), ila linatenganisha. Twashauri litumike tangu somo la kwanza, mwalimu asingojee ramani ya mvua.